Ushuhuda si ushahidi

Nilipomaliza universite, kazi ya kwanza niliyopata hapa Goma ilikuwa kuuza chai. Si ile ya kunywa na mkate asubuhi. Ilikuwa majani makavu ndani ya boksi ya rangi ya dhahabu, dolari 20 kwa boksi, na walisema inasafisha damu, inashusha tansiyo, inaondoa sukari, inafungua mishipa na kupunguza tumbo. Mimi sikuitwa muuzaji. Niliitwa mshauri wa afya, juu nilikuwa na diploma. Diploma yenyewe ilikuwa ya uchumi.

Ninaandika haya hapa kwa sababu najua siko peke yangu. Wengi wetu tumemaliza masomo na tunangoja kazi, na wenye kuuza vidonge, mafuta na chai za maajabu wanalijua hilo vizuri sana. Wanatutafuta sisi kwanza. Wanajua kwamba nyumbani, tukifungua kinywa, watu wanasema: "Huyu alisoma."

Mikutano yetu ilikuwa kila Jumamosi. Nusu saa ya bei na faida, kisha saa mbili za ushuhuda. Mama mmoja anasimama: alikuwa hawezi kupanda ngazi, leo anapanda. Baba mwingine anashika mikro: usiku alikuwa halali, leo analala kama mtoto. Watu wanapiga makofi, wengine wanalia. Hata mimi nililia. Na niseme ukweli, mpaka leo siamini kwamba wale watu walikuwa wanadanganya. Hapo ndipo shida ilipo.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mudogo, mdogo wake mama yangu, anayekaa Ndosho. Alikuwa na tansiyo, yaani shinikizo la damu, na kwa miaka alikuwa anakunywa kidonge kila asubuhi. Nilimuuzia boksi moja, ya pili nikampa kwa deni. Baada ya wiki tatu akanipigia simu: "Mwana wangu, kichwa haiko inaniuma tena. Ninalala muzuri. Vile vidonge nimeviacha." Nilifurahi sana. Jumamosi iliyofuata nikasimama na mimi, nikashika mikro, nikatoa ushuhuda wake.

Mwezi haukuisha. Siku moja ya Mungu, akitoka kanisani, kizunguzungu kikamshika, tukampeleka kituo cha afya. Muuguzi akafunga mashine kwenye mkono, akapima, akapima tena: 19 kwa 11. Akauliza, "Mama, nani alikuambia uache kukunywa dawa?" Mama mudogo aliniangalia, kisha akaangalia chini. Jina langu hakulitaja. Alirudishwa kwenye vidonge na Mungu alisaidia, hakupooza. Lakini lile jicho alilonitupia bado niko nalo.

Tangu siku hiyo nimekuwa najiuliza swali moja: kama chai haikufanya kitu, kwa nini alijisikia vizuri?

Jibu la kwanza ni kwamba tansiyo mara nyingi haina sauti. Inaweza kupanda juu kabisa na mtu yuko anacheka, anapika, anaenda soko. Kichwa kutokuuma hakupimi chochote. Jibu la pili ni kwamba maumivu mengi hupanda na kushuka yenyewe. Hakuna mtu anayenunua dawa siku anajisikia vizuri. Tunanunua siku mambo yamefika juu. Kutoka hapo, hata ukinywa maji matupu, kuna uwezekano mkubwa kwamba yatashuka, na sifa itaenda kwa kile ulichokunywa. Jibu la tatu ni matumaini. Mtu aliyehangaikiwa, aliyeambiwa na mtoto wake "utapona", analala vizuri zaidi. Na la nne, ambalo pale kwenye mkutano hatukulifikiria hata siku moja: aliyekufa harudi kushika mikro. Aliyetumia boksi tatu bila kitu, naye anakaa nyumbani na haya yake. Tunaowasikia ni wale tu ambao mambo yaliwaendea vizuri.

Kiswahili kimetupa maneno mawili yanayofanana kama mapacha: ushuhuda na ushahidi. Ushuhuda ni "mimi nilikunywa, nikapona." Ushahidi unaanza pale mtu anapouliza: "Na wale ambao hawakukunywa, walikuwaje?"

Swali hilo halikutoka mbali. Mfano mkubwa kabisa ninaoujua wa namna ya kulijibu ulifanyika hapa kwetu, Kivu ya Kaskazini.

Mnakumbuka Ebola iliyotangazwa Agosti 2018 na kuisha Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Tarehe 14 Julai 2019 tulisikia imefika hapa Goma, na kila mlango ukawa na ndoo ya maji ya klorini. Wakati ule kulikuwa na dawa nne ambazo kila moja ilikuwa na watu wanaoiamini. Iliyojulikana zaidi iliitwa ZMapp. Mwaka 2014 Wamarekani wawili walioambukizwa Liberia walipewa ZMapp wakapona, na dunia nzima ikaandika juu yao. Padri mmoja Mhispania na daktari mmoja Mliberia nao walipewa ZMapp mwaka huohuo, wakafa. Hao hawakuandikwa sana. Ni mkutano wetu wa Jumamosi, lakini kwa ukubwa wa dunia.

Sasa, kuanzia Novemba 2018, INRB yetu ya Kinshasa chini ya Profesa Muyembe, pamoja na Wamarekani wa NIH, walianza kulinganisha dawa hizo katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Wagonjwa 681 waliandikishwa. Nani apate dawa gani, kura ndiyo iliamua. Kura ina maana yake: daktari akichagua mwenyewe, anaweza kuwapa wenye nguvu dawa anayoipenda, kisha dawa ikasifiwa kwa nguvu ambazo mgonjwa alikuja nazo kutoka nyumbani.

Mwaka 2019 hesabu zikatoka. Kati ya wagonjwa 169 waliopata ZMapp, 84 walikufa, karibu nusu. Waliopata remdesivir walikuwa 175, wakafa 93. Kwa dawa mbili nyingine, mAb114 na REGN-EB3, walikufa 35 na 34 hivi kwa kila 100. Tofauti ilikuwa kubwa, wakaacha kutoa zile mbili za kwanza. Na hiyo mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Ni Mkongomani.

Turudi kwenye ile namba ya ZMapp. 169 walipewa, 84 walikufa. Maana yake 85 walitoka wazima. Ungewakusanya hao 85 katika sale moja, ukawapa mikro, kila mmoja angesema kweli tupu: "Nilipewa ZMapp, nikapona." Ushuhuda 85, hakuna uongo hata mmoja, na bado dawa ile ilikuwa nyuma ya nyingine mbili. Bila kulinganisha, tungeendelea kuitoa huku tukishangilia, na watu ambao wangeweza kupona wangezikwa. Kama dawa ya maprofesa inaweza kudanganya hivyo, chai yangu ya boksi ya dhahabu ilikuwa na haki gani ya kuaminiwa kwa makofi?

Kuna mtu atasema: basi unadharau miti yetu, unataka vya wazungu tu. Hapana. Kinini, ambayo wazee wetu wote walikunywa, inatoka kwenye ganda la mti, na mti huo umelimwa hapa Kivu. Huko Bukavu kiwanda cha Pharmakina kimeitengeneza kwa miaka mingi. Vidonge vya malaria tunavyopewa leo vina dawa iliyoanzia kwenye jani la artemisia, na mama Tu Youyou wa China alipata tuzo ya Nobel mwaka 2015 juu ya kazi hiyo. Mti si adui. Lakini ganda na jani vilipita kwenye kipimo: ni kitu gani ndani yake kinachofanya kazi, kwa kiasi gani, kwa nani, ukilinganisha na nini. Boksi yangu haikuwa imepita popote. Ilipita tu mikononi mwa wauzaji.

Na ushahidi si lazima uwe kitu cha bei kali. Julai 1994, kipindupindu kilipoingia kwa wakimbizi hapa Goma, pamoja na kuhara damu, karibu watu 50,000 walikufa ndani ya mwezi mmoja. Dawa inayookoa wengi katika ugonjwa ule ni maji, sukari na chumvi. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi huko India, daktari Dilip Mahalanabis alikosa seramu ya kutosha ya mishipa, akaanza kunywesha wagonjwa mchanganyiko huo. Vifo vikashuka kutoka karibu 30 kwa 100 hadi chini ya 4. Leo ni ile pakiti ya SRO. Ukikosa pakiti: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, huku unampeleka mgonjwa kituo cha afya. Sijawahi kuona mkutano wa Jumamosi wa sukari na chumvi. Hakuna atakayenunua gari kwa kuiuza.

Kwa hiyo siku hizi, mtu akinitumia video ya dawa mpya, au akinialika "biashara ya afya", ninauliza maswali haya:

1. Wale ambao hawakutumia, walikuwaje? Kama hakuna jibu, bado tuko kwenye ushuhuda.

2. Nani alipima, na kwa kitu gani? Tansiyo inapimwa na mashine, sukari na tone la damu, malaria na testi. "Ninajisikia vizuri" ni habari njema, lakini si kipimo cha hayo.

3. Inatibu magonjwa mangapi? Dawa ya kweli mara nyingi ina kazi ndogo, tena ina madhara yaliyoandikwa. Inayotibu yote bila madhara, uiogope.

4. Nani anakula? Wakati wa Ebola watu wetu waliuliza hivyo juu ya magari na mishahara, na walikuwa na haki ya kuuliza. Tuulize kwa wote: hospitali, ONG, mchungaji, muuzaji. Faida peke yake haimfanyi mtu kuwa mwongo, lakini inatulazimisha kurudi kwenye swali la 1.

5. Wananiambia niache nini? Hili ndilo la kwanza kwa uzito. Chai ya tangawizi juu ya vidonge vyako, zungumza na muganga wako. Chai mahali pa vidonge vyako, kimbia.

Niliacha kazi ile. Boksi nne zilinibakia chini ya kitanda, na pesa yake ingetosha kununua mashine ya kupima tansiyo. Baadaye niliinunua kweli, nikampelekea mama mudogo. Ananiita kila wiki nije nisome namba, ingawa sasa anajua kuzisoma mwenyewe. Ananyoosha mkono, anangoja, kisha anauliza, "Inasema nini, mushauri wa afya?" Anacheka. Mimi bado sijaweza kucheka.

Sisi tuliosoma hatukufundishwa wote udaktari. Lakini wote tulifundishwa kuuliza kabla ya kukubali. Wenye boksi za dhahabu walitaka sauti zetu juu nyumbani zinaaminiwa. Tusiwauzie.