Nyumba zilizozimika: Kazi ya kuandika nasaba za wasio na wa kuwasimulia

KIGALI. Chukua mfano wa nyumba moja ya Kinyarwanda. Baba anaitwa Habimana. Mama ni Mukamana. Kifungua mimba ni Uwera, wa pili ni Nshimiyimana na kitinda mimba ni Keza. Ni watu watano wenye majina matano, na hakuna jina hata moja linalorudiwa. Mgeni kutoka Dar es Salaam au Mombasa akiyakuta majina hayo katika orodha ndefu, hatajua kwamba watu hao walilala chini ya paa moja na kula chungu kimoja.

Mtanzania akijaza fomu huandika jina lake, la baba yake na la babu yake. Watu wa pwani wana bin na binti. Kwa Waganda, majina mengi ni mali ya ukoo, na anayeijua mila akisikia jina hutambua ukoo wa mwenye jina hilo. Rwanda ni tofauti. Kwa desturi, mtoto hupewa jina lake mwenyewe katika sherehe ya kwita izina, siku ya nane baada ya kuzaliwa. Jina hilo hueleza furaha ya wazazi, shukrani kwa Mungu, au hali waliyokuwa nayo siku hizo. Halisemi baba yake ni nani.

Kwa sababu hiyo, anayetafuta nasaba ya Mnyarwanda hawezi kufuata jina la familia kama wafanyavyo wanachama wa vyama vya nasaba huko Ulaya na Marekani, ambao hukutana kila mwezi kusikiliza mihadhara na kulinganisha vitabu vya ubatizo. Hapa ni lazima aulizwe mtu. Shangazi ndiye anayejua nani ni mtoto wa nani, au bibi, au jirani wa ng'ambo ya bonde. Mti wa ukoo umehifadhiwa vichwani mwa watu.

Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu hao waliuawa pamoja na ukoo waliokuwa wakiukumbuka.

Neno la moto

Wanyarwanda wana neno kwa nyumba iliyokosa hata mtu mmoja aliyesalia. Huiita umuryango wazimye, yaani familia iliyozimika. Msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo, kwani kitenzi ni kilekile cha moto na taa. Baba ameuawa, mama ameuawa, watoto wote wameuawa. Kiwanja walichoishi hubaki amatongo, yaani mahame, na mara nyingi kinachoonyesha kwamba palikuwa na watu ni mti wa matunda au mawe ya msingi wa nyumba.

Kazi ya kuziandika nyumba hizo ilibebwa na vijana ambao wenyewe walikuwa mayatima. Mwaka 1996 wanafunzi 12 wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda mjini Butare walianzisha AERG, chama cha wanafunzi walionusurika. Waliomaliza masomo walianzisha GAERG mwaka 2003. Mwaka 2009 GAERG ikaanza kuzunguka nchi kuuliza swali moja: katika mtaa huu, ni nyumba zipi ambazo hakubaki mtu?

Kazi hiyo ilichukua miaka 10 na kufika katika wilaya zote 30. Hesabu iliyotolewa ni familia 15,593 zilizokuwa na watu 68,871. Ukigawanya, ni wastani wa watu wanne hadi watano kwa kila nyumba, yaani wazazi wawili na watoto wawili au watatu. Wilaya ya Karongi, magharibi mwa nchi kando ya Ziwa Kivu, ndiyo iliyoongoza kwa kuwa na zaidi ya familia 2,800 zilizozimika.

Takwimu hizo zina maana ya pekee zikiwekwa kando ya sensa ya waliouawa iliyofanywa na Wizara ya Serikali za Mitaa na kuchapishwa mwaka 2002. Sensa hiyo ilitaja watu 1,074,017, lakini waliothibitishwa walikuwa 934,218. Tofauti ni karibu watu 140,000. Mtu huthibitishwa na anayemjua, na nyumba ikizimika yote, anayemjua vizuri zaidi hayupo tena.

Ndiyo maana walioandika walilazimika kwenda kwa wengine: manusura wa nyumba za jirani, viongozi wa seli, wazee wa mtaa na watu waliosoma au kusali pamoja na marehemu. Mmoja hukumbuka jina la baba na kazi yake. Mwingine anajua watoto walikuwa wanne, lakini wa mwisho anamkumbuka kwa jina la utani tu. Wa tatu anakumbuka jina la ubatizo. Vipande hivyo huunganishwa hadi nyumba isimame tena kwenye karatasi.

Swali lililokuwa hatari

Kuuliza asili ya mtu si jambo jepesi nchini Rwanda, na sababu yake iko ndani ya historia.

Zamani kumbukumbu ya nasaba ilikuwa kazi yenye heshima. Katika jumba la mfalme walikuwapo abacurabwenge, waliohifadhi kwa kichwa mfululizo wa wafalme na mama zao na kuukariri bila kuruka jina. Utawala wa kifalme ulipoondolewa mwaka 1961, sehemu ya hazina hiyo ilikuwa tayari imeandikwa, hasa na Padri Alexis Kagame, mwanahistoria aliyefariki mwaka 1981. Katika nyumba za kawaida nako watoto walifundishwa kutaja baba, babu na baba wa babu.

Juu ya nyumba na mlango kulikuwa na ukoo mkubwa, ubwoko, kama Abanyiginya, Abega, Abasinga, Abazigaba au Abagesera. Koo hizo hazikuwa mali ya kundi moja. Ndani ya ukoo mmoja walipatikana Wahutu, Watutsi na Watwa, na wote walijihesabu kuwa wa ukoo huo.

Katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji ulianza kutoa vitambulisho vilivyomwandika kila mtu kuwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na mtoto akafuata aliloandikiwa baba yake. Kwenye kitambulisho, mstari huo uliitwa ubwoko. Neno lililowakusanya watu katika ukoo mmoja likawa neno la kuwagawa. Miaka 60 baadaye, kwenye vizuizi vya barabarani vya mwaka 1994, mstari huo uliamua nani apite na nani auawe. Uliondolewa kwenye vitambulisho baada ya mauaji ya kimbari.

Hivyo mzee anayeulizwa leo "nyumba ile ilikuwa ya nani, na watoto wake walikuwa akina nani?" anasikia swali ambalo aliwahi kulisikia likiulizwa na muuaji. Safari hii anayeuliza anataka majina yabaki. Lakini anayejibu pia huenda ni jirani aliyeona kila kitu na kunyamaza, au ndugu wa mtu aliyefungwa. Mahakama za Gacaca, zilizofungwa rasmi Juni 2012, zilikusanya mamilioni ya kurasa za ushahidi, na humo majina mengi ya waliouawa yalitajwa kwa mara ya kwanza na watu waliowaua.

Familia zinazochaguliwa

Wakati baadhi wakiandika familia zilizopotea, AERG iliunda mpya. Katika vyuo na shule, wanachama waligawanywa katika familia. Kila familia ilimchagua baba na mama miongoni mwa wanafunzi wenyewe, na mara nyingi mzazi huyo aliwapita watoto wake kwa mwaka mmoja au miwili tu. Walikutana mara kwa mara kuulizana hali: nani hajalipa kodi ya chumba, nani amefeli mtihani, nani hajaonekana tangu Aprili ianze.

Mikutano hiyo haikuishia chuoni. Mwanachama alipotaka kuoa, mila ya Rwanda ilidai wazee wa kumsemea katika sherehe ya kuposa, gusaba. Asiye na baba wala mjomba alisimamiwa na baba yake wa AERG. Watoto waliozaliwa baadaye wana babu na bibi waliopatikana kwa uchaguzi. Mchora mti wa ukoo atajiuliza matawi hayo ayaweke wapi, ilhali watoto wenyewe huwajua babu zao bila shida yoyote.

Wengine bado wanatafuta tawi la damu. Baada ya mauaji, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na mashirika mengine waliandikisha watoto waliopotezana na wazazi na kubandika picha zao ili jamaa wawatambue. Wengi walikuwa wadogo mno kujua jina la kijiji, na wengine hata la baba. Mwaka huohuo wa 1994 redio ya BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyosoma majina ya wanaotafutana. Yaliitwa Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha familia. Ni kipindi cha redio kilichofanya kazi ambayo kwingine hufanywa na maktaba ya nasaba.

Wanaojua wanazeeka

Zaidi ya miaka 30 imepita. Aliyekuwa na miaka 45 mwaka 1994 sasa amevuka 75. Katika kundi hilo wamo intwaza, wazazi walionusurika lakini wakapoteza watoto wao wote. Baadhi yao wanatunzwa katika nyumba za Impinganzima, zikiwamo za Huye na Bugesera, na vijana huenda kuwatembelea, kupika, kufagia na kuzungumza nao.

Katika mazungumzo hayo ndimo majina hutokea. Mama anayesimulia harusi yake mwenyewe humtaja jirani aliyemkopesha viti, mke wa jirani huyo, na mtoto wao aliyeshika maua. Huenda hiyo ni nyumba ambayo hakuna mtu mwingine duniani anayeikumbuka. Asipokuwapo mwenye kalamu siku hiyo, jina la mtoto wa maua litatajwa mara hiyo moja na kwisha.

Kwenye Ukumbusho wa Mauaji ya Kimbari wa Gisozi, mjini Kigali, ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000, uko ukuta wa majina ambao bado haujakamilika. Ndani kuna chumba cha picha za familia zilizoletwa na manusura: harusi, ubatizo, siku ya kwanza ya shule. Kila picha iliyoko pale imeletwa na mtu. Nyumba iliyozimika haina wa kuileta picha yake, na mara nyingi picha zenyewe ziliungua pamoja na nyumba.

Lakini si zote zilizokuwa Rwanda. Tangu mwaka 1959, maelfu kwa maelfu ya Watutsi walikimbilia Burundi, Uganda, Tanganyika na Kongo. Waliobaki nyumbani waliwaandikia barua, na ndani ya barua walitia picha: mtoto amezaliwa, tumempa jina hili, kaka ameoa, bibi harusi ni huyu. Aliyeipokea picha ya namna hiyo Bujumbura, Kampala, Ngara au Goma huenda aliihifadhi kwenye sanduku, na mjukuu wake leo anaiona ni picha ya watu asiowajua.

Picha hiyo, ikiwa nyuma yake pameandikwa majina, ni ushahidi ambao hauwezi kupatikana tena katika kijiji kilikotoka. Kazi ya kuandika nyumba zilizozimika ilipita katika wilaya 30 za Rwanda, lakini kumbukumbu za nyumba hizo zimetawanyika katika nchi nne au tano za ukanda huu. Kuligeuza sanduku la bibi na kumuuliza "hawa ni akina nani, walikaa wapi?" hakuhitaji cheti cha historia. Kunahitaji bibi awe hai na mjukuu awe na daftari.

Kila Aprili, juma la maombolezo linapoanza tarehe 7, watu wa mitaa ya Kigali hukusanyika kusikiliza mazungumzo na ushuhuda. Katika siku za kuzikumbuka familia zilizozimika, majina husomwa kwa sauti: baba kwanza, mama, kisha watoto. Kwa kuwa majina hayafanani, msomaji hutua kidogo kati ya nyumba na nyumba, ili wasikilizaji wajue familia moja imeishia wapi na nyingine inaanzia wapi.