Tamasha lipo, lugha iko wapi? Funzo kutoka kwa Wanorwei na Wajerumani wa Marekani

Kila Julai, mji mdogo wa Decorah katika jimbo la Iowa, Marekani, hujaa watu waliovaa mavazi ya jadi ya Norwei. Huchezwa ngoma za asili na kuuzwa lefse, aina ya chapati laini za viazi. Tamasha hilo, Nordic Fest, lilianza mwaka 1967. Lakini wanaozungumza Kinorwei nyumbani kwao leo ni wachache mno.

Jambo hili linawahusu wakazi wa Kilifi, ambako vikundi vya utamaduni hutumia muda na pesa nyingi kuandaa matamasha huku watoto wengi wakikua bila kujua lugha ya nyanya zao.

Wahamiaji kutoka Norwei walipofika Iowa katika karne ya 19, hawakuhitaji tamasha ili lugha yao isikike. Ibada ilikuwa kwa Kinorwei, na gazeti lao, Decorah-Posten, lilianza mwaka 1874. Mwaka 1895 wanaume 18 waliunda Sons of Norway mjini Minneapolis, chama ambacho hapa tungekiita cha kufa na kuzikana: mwanachama alichanga ili akiugua au akifariki, familia yake isitaabike. Kilichowakutanisha kilikuwa pesa, lakini walijadiliana kwa Kinorwei. Wajerumani wa New Braunfels, mji wa Texas ulioanzishwa mwaka 1845, nao walikuwa na gazeti la Kijerumani tangu mwaka 1852.

Marekani ilipoingia vitani dhidi ya Ujerumani mwaka 1917, mambo yalibadilika. Mei 1918, Gavana wa Iowa, William Harding, alipiga marufuku lugha yoyote isiyo Kiingereza shuleni, hadharani, kwenye treni, kwenye simu na hata kanisani. Wanorwei na Wadenmaki, ambao nchi zao hazikuwa vitani, walijikuta ndani ya marufuku hiyo. Katika jimbo jirani la Nebraska, mwalimu Robert Meyer alitozwa faini ya dola 25 kwa kumfundisha mtoto kusoma Kijerumani. Mahakama ya Juu ilimpa haki mwaka 1923, lakini kufikia wakati huo wazazi wengi walikuwa wamekwisha kuamua kulea watoto kwa Kiingereza. Kazi za mjini na ndoa za mchanganyiko zikaongeza kasi.

Tazama miaka yenyewe. Gazeti la New Braunfels liliacha Kijerumani mwaka 1957. Tamasha la soseji la mji huo likaanza mwaka 1961. Nordic Fest ilianza 1967, na Decorah-Posten likafungwa 1972. Tamasha liliingia lugha ikiwa mlangoni inatoka.

Waliofanya tofauti ni Chuo cha Concordia, Minnesota. Mwaka 1961 walianzisha kambi ya watoto ya Kijerumani, kisha ya Kinorwei na nyinginezo. Mtoto hupewa jina jipya, hubadilisha pesa kama msafiri, na akitaka kununua kitu dukani huomba kwa lugha hiyo. Kwa maoni yetu, hili ndilo la kuigwa kuliko gwaride.

Hapa kwetu hakuna gavana aliyepiga marufuku Kikauma, Kikambe au Kiribe, lugha zenye wasemaji wachache kuliko Kigiriama. Hata hivyo, wako wazazi wanaotaka Kiingereza kitupu tangu chekechea, ingawa mtaala unaruhusu lugha ya eneo katika madarasa ya chini. Elimu ya chekechea na shughuli za utamaduni ni majukumu ya kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba, na Kifungu cha 7 kinaitaka serikali kukuza lugha za kiasili. Lakini mwalimu hawezi kufundisha lugha ambayo mzazi anaikataa.

Katika miji mingi yenye asili ya Kijerumani huko Marekani kuna desturi iitwayo Stammtisch: meza moja mkahawani, siku ileile kila wiki au kila mwezi, ambapo wanaokaa huzungumza Kijerumani tu. Kikundi chochote cha Kilifi kinaweza kufanya hivyo chini ya mwembe, wazee wakiwa na wajukuu, bila kungoja siku ya tamasha wala bajeti ya mahema. Gharama ni chai na mahamri.