Simu shuleni: mwalimu ameachiwa peke yake

Mzazi aliyepata kumpeleka mtoto kidato cha kwanza anaijua ile fomu ya maelekezo ya kujiunga na shule. Kwanza huja mahitaji: sare, madaftari, fagio, jembe. Halafu huja makosa yanayoweza kumfukuzisha mwanafunzi shule. Humo, katika fomu nyingi, utakuta wizi, ulevi, kupigana, kugoma na kudharau Bendera ya Taifa. Na katika orodha hiyo hiyo utakuta kumiliki, kukutwa au kutumia simu ya mkononi katika mazingira ya shule. Mzazi hutia sahihi, akarudi zake Charambe au Bunju, na pengine jioni ile ile akamwita mtoto huyo huyo amsaidie kununua umeme wa LUKU kwa simu.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa mazungumzo yetu ya wiki hii.

Simu za mkononi zilipoanza nchini mwaka 1994, chini ya kampuni ya Mobitel, zilikuwa za wakubwa na matajiri. Shule haikuwa na haja ya kuzipiga marufuku, maana hata mwalimu mkuu hakuwa nayo. Leo simu imo katika kila nyumba, na mtoto wa darasa la nne anaijua kuliko baba yake.

Je, katazo lina msingi? Lina msingi. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilieleza kwamba mwanafunzi aliyetolewa mawazo kwenye somo anaweza kuchukua hadi dakika 20 kurudisha akili yake. Kipindi cha sekondari ni dakika 40, kwa hiyo ujumbe mmoja tu unaweza kula nusu ya kipindi. Nao wachumi wawili, Louis-Philippe Beland na Richard Murphy, walichunguza shule za miji minne ya Uingereza, wakatoa matokeo mwaka 2015: pale simu zilipokatazwa alama zilipanda, na waliofaidika zaidi ni wanafunzi waliokuwa nyuma. Wale hodari hawakubadilika. Jambo hilo linatuhusu sana sisi wenye madarasa yaliyofurika, ambamo mtoto wa nyuma hana wa kumvuta. Ufaransa nayo ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia simu katika shule za msingi na sekondari za chini. Sisi katika hili hatuigi mtu.

Tatizo ni namna tunavyolisimamia. Oktoba 2019, katika Shule ya Sekondari Kiwanja, wilayani Chunya, mabweni yaliungua, na wanafunzi waliokutwa na simu wakatuhumiwa. Aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya, Bwana Albert Chalamila, alikwenda akawachapa viboko wanafunzi 14 kwa mkono wake mwenyewe. Rais Magufuli alimpongeza hadharani. Lakini kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini ya maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Mkuu wa mkoa hamo. Mtoto anayefundishwa kuheshimu kanuni kwa kuvunjiwa kanuni mbele ya macho yake anajifunza nini?

Na Kiwanja ilikuwa na mabweni. Shule nyingi za serikali huku Temeke na Kinondoni ni za kutwa. Mwanafunzi wa Chamazi au Mabwepande huamka alfajiri, akagombea daladala ambayo kondakta wake haitaki nauli ya mwanafunzi, akarudi giza limeingia. Mama anayebaki nyumbani anataka kujua jambo moja tu: amefika? Huyo si mama anayedekeza mtoto. Ukimwambia simu ni anasa atakuona huijui Mbagala ya saa kumi na moja alfajiri. Tena amri ya shule inaishia getini, na saa za usiku, ambapo simu huharibu zaidi, ziko mikononi mwa mzazi.

Watoto nao wanatutazama. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, wenye simu walitumiwa masomo kwa simu. Juni 29 shule zikafunguliwa, simu ikarudi kuwa kosa la jinai ya shule! Na mwalimu anayemnyang'anya mwanafunzi simu mara nyingi anayo ya kwake mezani, inalia.

Kwa maoni yangu katazo libaki darasani, bila msalie mtume. Lakini kwa wanaotoka mbali, kamati ya shule na wazazi wakae wakubaliane: simu ndogo ya tochi, isiyo na intaneti, ikabidhiwe kwa mwalimu wa zamu asubuhi, iandikwe kwenye daftari, ichukuliwe wakati wa kutoka. Kazi hiyo inahitaji kabati lenye kufuli na mtu wa kulijibia.

Kuna pia suala la simu zilizokamatwa. Shule nyingine huziponda kwa nyundo mbele ya mstarini, wanafunzi wote wakitazama. Aliyetoa amri hiyo hajui simu ile ni ya nani. Mara nyingi si ya mtoto. Imechukuliwa kimyakimya nyumbani, na ndani yake mna laini yenye fedha za mama muuza vitumbua, mtaji wake wa kesho. Mama huyo aitwe shuleni wiki ile ile, aelezwe kosa la mwanawe, atie sahihi, akabidhiwe simu yake. Mwenye kujibu kwa kosa ni mtoto.