Kumtafuta Babu Aliyekuwa Askari wa Mjerumani: Nasaba, Ushahidi na Makaratasi

Hapa Sibwesa, na katika vijiji vingi vya Mpanda hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika, hukosi kukuta ukoo unaosema: "Babu yetu alikuwa askari wa Mjerumani." Wengine huongeza kuwa alikuwa Msudani, wengine kuwa alikuwa Mmanyema aliyeandikwa jeshini Ujiji, wengine Mnyamwezi wa Tabora. Miaka mia moja na zaidi imepita. Wazee waliomwona kwa macho wamekwisha tangulia mbele ya haki, na wajukuu wanatuuliza: Je, tutamthibitisha vipi? Na akithibiti, kuna hukumu gani juu yetu katika nasaba na mirathi?

Ndugu msomaji, kabla ya lolote tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza: mtu huyu ni nani kwetu? Hili ni swali la nasaba, na mahali pake ni katika fiq-hi. La pili: mtu huyu alifanya nini, katika kikosi gani, na alikwenda wapi? Hili ni swali la tarikh. Karatasi ya jeshi yaweza kujibu la pili kwa ukamilifu na isiseme neno juu ya la kwanza. Ukikuta imeandikwa "Zaidi bin Amri, shaush, Ujiji", umejua kuwa palikuwa na askari wa jina hilo. Hujajua kuwa ndiye aliyemzaa babu yako. Akina Zaidi walikuwa wengi.

Tuanze na tarikh, kwani ndiko wengi wanakopotea.

Mwaka 1889 Wajerumani walimtuma Hermann von Wissmann kupambana na Abushiri bin Salim na wenzake wa mwambao wa pwani. Wissmann hakuja na jeshi la Wajerumani. Alikwenda Cairo akaandikisha Wasudani wapatao 600, waliokuwa askari wa Misri na ambao walibaki bila kazi baada ya Misri kuipoteza Sudani mwaka 1885 mbele ya Mahdi. Akaongeza watu kutoka Msumbiji. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, na mwaka 1891 jeshi hilo likafanywa rasmi kwa sheria ya Ujerumani.

Kwa sababu hiyo vyeo vya askari hawa havikuwa vya Kijerumani. Ombasha ni neno la Kituruki lililopitia Misri: "on" ni kumi na "bash" ni kichwa, yaani mkuu wa watu kumi. Shaush nalo ni la Kituruki, na efendi vivyo hivyo. Basi mtu akisikia babu yake aliitwa Shaush Fulani akadhani kuwa hilo ni jina la ukoo wa Kiarabu, atakwenda kutafuta kabila lisilokuwepo. Hicho ni cheo, kama tunavyosema leo sajini.

Wasudani hawakutosha, na baada ya miaka michache wengi wa askari walikuwa watu wa bara: Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengineo. Vita vilipoanza mwaka 1914 palikuwa na makampuni 14 yenye askari wapatao 2,500, na kampuni ya sita ilikaa Ujiji. Ndiyo iliyokuwa jirani kwetu sisi watu wa ziwani. Wakati wa vita idadi iliongezeka mara kadhaa, na Wabelgiji walipoingia Kigoma na Tabora mwaka 1916, waliotekwa na waliotoroka walitawanyika vijijini. Waliobaki na jenerali wao Lettow-Vorbeck waliweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Hawakuzidi sana elfu moja.

Na tuseme wazi jambo ambalo koo nyingi hulificha. Askari hawa ndio waliotumwa kuzima Maji Maji, mwaka 1905 hadi 1907, kwa kuchoma mashamba na maghala hadi njaa ikawaua watu wengi kuliko risasi. Mwenye kumtafuta babu askari ajiandae kumkuta pia huko. Mtoto habebi dhambi ya mzazi wake, lakini pia hana ruhusa ya kubadili habari ili babu apendeze.

Sasa turudi kwenye fiq-hi. Uislamu haukuwa mgeni wa kuandika majina ya wanajeshi. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipoanzisha Diwani, mwaka wa 20 Hijria kwa kauli mashuhuri, aliwaita watu watatu wajuzi wa nasaba za Makuraishi: Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Naufal na Jubair bin Mut'im. Akawaamuru wawaandike watu kwa koo zao, wakianzia na ukoo wa Mtume (S.A.W.). Zingatia hapo: waliokabidhiwa daftari la jeshi walikuwa wanazuoni wa nasaba. Kwa hiyo daftari lile lilitegemea elimu ya nasaba iliyokuwa vifuani kabla ya wino. Daftari la Mjerumani lilikwenda kinyume. Karani aliandika jina alilotajiwa, akaweka kabila na kituo, akapita.

Nasaba basi inathibiti kwa lipi? Katika madhehebu yetu ya Shafi, ushahidi wa nasaba unajuzu kwa njia ya kusikika na kuenea, ambayo wanazuoni huiita tasaamu' au istifadha, kama alivyoitaja Imam Nawawi katika Minhaj. Sababu yake ni dhahiri: nani aliyehudhuria kuzaliwa kwa babu wa babu? Lakini si kila uvumi ni istifadha. Sharti habari itoke kwa kundi ambalo haielekei likapatana kusema uongo, na isiwepo habari inayoipinga. Watu wa nyumba moja wanaorudia maneno ya mzee mmoja ni sauti moja iliyorudiwa mara nyingi. Ama watu wa Karema, wa Ujiji na wa Tabora, wasiojuana, wote wakisema kuwa Amri shaush ni mwana wa Zaidi na alimwacha mke mahali fulani, hiyo ni hoja yenye uzito.

Nyaraka na vitu vya kale vina nafasi yao kama karina, yaani dalili ya kuunga mkono. Inasimuliwa kuwa mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wazee waliobaki hai malipo yao ya vita, wazee mia tatu na kitu walikusanyika Mwanza. Wachache tu walikuwa na vyeti. Mwenye kulipa akampa kila mmoja ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani acheze gwaride la bunduki, na inasemekana hakuna aliyeshindwa. Ni karina nzuri sana. Lakini ufagio ule ulithibitisha kuwa mzee alikuwa askari, haukuthibitisha alikuwa mwana wa nani.

Ama anayetaka kufuata makaratasi, Nyaraka za Taifa Dar es Salaam zina hati za zama za Wajerumani, zilizopangwa kwa namba zinazoanza na herufi G. Za wizara yao ya makoloni ziko Berlin. Akienda, atafute kwa maandishi yao: Juma ni Djuma, Hamisi ni Hamissi, Shaabani ni Schabani, na Ujiji ni Udjidji. Asitaraji mengi. Hata Mjerumani mwenyewe anayemtafuta babu aliyepanda farasi katika jeshi la Prussia karne ya 18 hukwama, kwa kuwa hazina ya hati za jeshi hilo iliyokuwa Potsdam iliungua kwa mabomu Aprili 1945. Hurudi kwenye vitabu vya makasisi wa vikosi, walimoandikwa waliooa na waliozaliwa. (Na msomaji asistaajabu kusikia kuwa hata Waislamu walipanda farasi wa Prussia: kuna kikosi cha mikuki kilichoanza mwaka 1745 kwa jina la Wabosnia, na baadaye Watatari wa Poland na Lithuania nao wakaingia.)

Mara nyingi karatasi huzaliwa palipo na madai ya fedha. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwana wa askari wa Kisudani na yeye mwenyewe askari angali mtoto, alifika Berlin mwaka 1929 akadai mshahara wake na wa baba yake. Alikataliwa, lakini dai lake likabaki katika faili. Huko alijulikana kwa jina la Mohamed Husen, na alifia katika kambi ya Sachsenhausen Novemba 1944. Leo habari zake na za baba yake zinajulikana kuliko za maelfu ya wenzao waliorudi vijijini kimya. Angalia pia jina lilivyobadilika: mwenye kutafuta "Mahjub" peke yake angempita.

Kubadilika jina kunatuleta kwenye hatari kubwa zaidi. Baadhi ya walioingia jeshini walikuwa watumwa waliokimbia au waliokombolewa, wakachukua jina la bwana wao au la askari aliyewalea. Miaka ikapita, walaa ikageuka nasaba mdomoni mwa wajukuu. Aya ya 5 ya Suratul Ahzab imeamrisha watu waitwe kwa baba zao, na wasiojulikana baba zao wahesabiwe kuwa ndugu katika dini na mawalii. Kwa hiyo asiyemjua babu yake hakupungukiwa na chochote katika heshima yake. Lakini mwenye kujinasibisha kwa makusudi na asiye baba yake, makemeo ya Mtume (S.A.W.) juu yake ni makali mno.

Imebaki mirathi. Askari aliyetoweka vitani bila habari ni mafqudi. Mali yake husimama mpaka ushahidi wa mauti upatikane, au upite muda ambao mtu kama yeye haishi zaidi yake, kisha kadhi ahukumu kuwa amekufa. Hapo hurithi waliokuwa hai wakati wa hukumu, ila hukumu ikiyaegemeza mauti kwenye wakati uliotangulia, basi hurithi waliokuwa hai wakati huo. Kwetu leo shauri kama hili huanzia mahakama ya mwanzo. Shamba la babu lililokaa bila kugawanywa kwa vizazi vitatu huingia katika mlango wa munasakha, na hesabu yake haianzi kabla ya kujulikana wake wote na watoto wa kila mke. Askari hawa walihamishwa kituo hadi kituo pamoja na familia zao, na si ajabu mmoja akaoa Ujiji, akaoa tena Tabora. Watoto wa mke aliyeachwa nyuma ni warithi sawa na waliozaliwa hapa, hata kama shamba hawajaliona.

Kwa hiyo anayetaka kuanza, aanze na bibi wazee wa ukoo, kwa sababu wao hukumbuka majina ya wake wenza ambayo wanaume huyasahau. Aandike kila jina, mahali, na nani aliyemsimulia. Akishakuwa na orodha hiyo, aipeleke kwanza Ujiji na Tabora kuwauliza watu wa huko. Nauli ya Dar es Salaam aiweke baadaye.