Nyuma ya Taa Nyekundu: Kamari ya Siri Nchini Japani

Katika makala yetu ya leo tunawaalika ndugu zetu askari na polisi watazame mbali kidogo, hadi Japani, nchi yenye sifa kubwa ya utii wa sheria, ambayo hata hivyo imepambana na kamari ya siri kwa karne nyingi. Tumeichagua habari hii kwa kuwa watu wa sheria wenyewe wamo ndani yake, na si kila mara wakiwa upande wa wasakaji.

Kilabu cha pombe cha Kijapani huitwa izakaya. Mlangoni huning'inia taa ya karatasi nyekundu na pazia fupi la kitambaa. Ndani mna mishikaki ya kuku, pombe ya mchele, bia, na wafanyakazi wa ofisini waliokwisha kulegeza tai zao. Ni mahali penye heshima yake, na hata mlio wa dadu humo haumshtui mtu. Viko vilabu ambavyo humpa mteja dadu mbili na bakuli: zikifanana, kinywaji ni bure, jumla ikiwa shufwa, hulipa nusu ya bei, ikiwa witiri, huuziwa gilasi kubwa kwa bei maradufu. Kifungu cha 185 cha Sheria ya Makosa ya Jinai, iliyotungwa mwaka 1907, hakimwadhibu anayeshindania kitu cha starehe ya kitambo tu, kama vile chakula au kinywaji. Lakini fedha zikiwekwa mezani, hata ziwe chache namna gani, mahakama za huko huihesabu kuwa kamari.

Mwenye hila hujificha katika mpaka huo mwembamba. Kicheko cha chumba cha mbele hufunika sauti za chumba cha nyuma au cha ghorofani, na wageni wanaoingia na kutoka usiku wa manane hawaulizwi neno, maana kilabu ni kilabu. Mlango wa ndani ni mzito, kamera inatazama ngazi, kijana amesimama barabarani akiangalia kama polisi wanakuja, na mgeni asiyeletwa na mwenyeji hapiti. Humo huchezwa karata kwa fedha nyingi, na siku hizi kompyuta huunganishwa na nyumba za kamari zilizo ng'ambo. Aliyeishiwa hukopeshwa papo hapo, na deni hilo humfunga kuliko pingu. Mchezaji wa kawaida hutozwa faini isiyozidi yeni 500,000. Aliyeizoea kamari aweza kufungwa hadi miaka 3. Na anayefungua pango ili apate faida, kuanzia miezi 3 hadi miaka 5.

Ujanja huu ni wa kale. Katika enzi ya Edo, kuanzia mwaka 1603 hadi 1868, askari wa mji hawakuwa na mamlaka ya kuingia watakavyo katika majumba ya mabwana wakubwa wala katika mahekalu. Kamari ikahamia huko huko. Wajapani husema kwamba ndiyo maana fungu linalochukuliwa na mwenye pango huitwa hadi leo "fedha ya hekalu". Katika majumba ya mabwana, ilichezwa kwenye vyumba vya watumishi wao. Sisi tunaoishi kambini, tulindwao na lango ambalo raia halivuki, tuisome habari hiyo mara mbili.

Mchezo wao ulikuwa rahisi mno. Mtu mmoja alikaa amekunja magoti, mabega wazi ili ionekane kwamba hakuficha kitu, akafunika dadu mbili kwa kikombe cha mwanzi; wengine wakabahatisha shufwa au witiri. Miongoni mwa wacheza kamari hao wametoka baadhi ya mababu wa magenge ya yakuza. Jina lenyewe ni la karata: 8, 9 na 3 hufanya 20, na kwa kuwa inayohesabiwa ni tarakimu ya mwisho tu, mkono huo ni sifuri.

Katika enzi yetu, pango la kamari hutafuta kwanza rafiki ndani ya kituo cha polisi. Mwaka 1982, mjini Osaka, ilifichuka kwamba polisi walikuwa wakipokea fedha kutoka kwa wenye mashine za kamari, nao wakiwapasha habari za msako kabla haujafanyika. Msako unaojulikana mapema hukuta watu wanakunywa kahawa. Polisi kadhaa walikamatwa.

Kisa cha karibu zaidi hakikuhitaji hata kilabu. Mwezi Mei 2020, wakati taifa lilipokuwa katika hali ya hatari kwa ajili ya korona, ilijulikana kwamba Hiromu Kurokawa, mkuu wa ofisi kuu ya waendesha mashtaka ya Tokyo, alikuwa akicheza mahjong kwa fedha pamoja na watu wa magazeti, nyumbani kwa mmoja wao. Akajiuzulu. Waendesha mashtaka wenzake waliamua kutomshtaki. Lakini mwezi Desemba kamati ya raia, ambayo sheria huipa uwezo wa kuyapima maamuzi ya namna hiyo, ikasema alistahili kushtakiwa. Mwaka 2021 akatozwa faini ya yeni 200,000, kwa kifungu kile kile cha 185.