Programu za Zamani Ndani ya Kompyuta Mpya

Hebu tuchukue mfano. Mwalimu alichapa mashairi na mitihani yake mwaka wa 1992 kwa WordPerfect 5.1, programu iliyotoka mwaka wa 1989. Faili zake zingali nzima, hata herufi moja haijaliwa na mchwa. Lakini akijaribu kuifungua programu hiyo katika kompyuta mpya yenye Windows 11, anaambiwa haiwezi kuendeshwa. Je, imeharibika? La, hasha!

Sababu ni hii. Mfumo wa uendeshaji ni kama mkalimani kati ya programu na mashine. Programu za enzi ya MS-DOS ziliundwa kwa biti 16. Windows za biti 32 ziliweza kuzitafsiria. Zile za biti 64 haziwezi. Na Windows 11, iliyotolewa mwaka wa 2021, ni ya biti 64 peke yake. Basi hapo ndipo mambo hukwama.

Dawa ipo, tena ya bure. Inaitwa DOSBox, na ilianza kupatikana mwaka wa 2002. Kazi yake ni kuigiza kompyuta ya zamani ndani ya ile mpya, hata programu ikadhani iko kwao nyumbani. Fuata hatua hizi:

1. Nakili programu na faili zote. Fanyia kazi nakala. Zile za asili usiziguse.

2. Weka nakala hizo katika folda moja, tuseme C:\ZAMANI.

3. Fungua DOSBox, andika mount c c:\zamani kisha bonyeza Enter. Andika c: na ubonyeze Enter tena. Mwisho andika jina la programu. Kwa WordPerfect ni wp.

Kwa programu za Windows za biti 32, usihangaike na DOSBox. Ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, halafu Compatibility, kisha toleo la zamani la Windows. Mara nyingi kazi huwa imekwisha.

Lakini ndugu zangu, kuifungua programu si mwisho wa safari. Maandishi yakibaki humo, yatakuwa mfungwa wake daima. Katika WordPerfect 5.1 bonyeza Ctrl na F5 kwa pamoja, uhifadhi shairi kama maandishi matupu. Mapambo yatapotea, naam, ila maneno yatasomeka katika kompyuta yoyote.

Tusichelewe. Disketi huchakaa, na kompyuta nyingi za leo hazina hata pa kuziingizia. Ukiikuta moja kabatini, usiifanye kitu cha kuwekea kikombe cha chai. Huenda imebeba kazi ya mtu ya miaka mingi. Wahenga walisema akiba haiozi. Ya kompyuta huoza, usipoihamisha mapema.