Bunduki za kale za Uingereza: alama ndogo kwenye kitako yafichua kikosi, na pia udanganyifu

Herufi chache zilizogongwa kwenye kitako zinaweza kupandisha sana bei ya bunduki ya kale ya jeshi la Uingereza. Herufi hizo zinaonyesha ni kikosi gani kiliibeba. Lakini alama hizo hizo zinaghushiwa, na mnunuzi asiyejua kuzisoma anaweza kupoteza pesa zake.

Utaratibu wenyewe ulikuwa rahisi. Bunduki ilipofika kikosini, fundi wa silaha aligonga namba ya batalioni, kifupisho cha jina la rejimenti na namba ya bunduki ile ndani ya kikosi. Mara nyingi aliongeza mwezi na mwaka. Kwenye Snider, alama ziliwekwa juu ya bamba la shaba ya manjano linalofunika mwisho wa kitako. Kwenye Martini-Henry, iliyopokelewa jeshini mwaka wa 1871, bamba hilo lilikuwa la chuma. Kisha zikaja Lee-Metford na Lee-Enfield, zenye kisahani cha shaba upande wa kulia wa kitako. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, viwanda viliacha kuweka kisahani hicho ili kuharakisha kazi. Ndiyo maana bunduki nyingi za vita ile hazina alama yoyote ya kikosi.

Si kila alama ni ya kikosi

Wanaoanza huchanganyikiwa hapa. Mshale mpana unamaanisha mali ya serikali. Mishale miwili inayokutana ncha kwa ncha inamaanisha bunduki imeondolewa jeshini. Mshale ndani ya herufi C ni wa Kanada, katikati ya D mbili ni wa Australia, na ndani ya U ni wa Afrika Kusini. Taji lenye herufi V.R. ni la Malkia Victoria, aliyefariki mwaka wa 1901.

Tarehe inavyomuumbua mdanganyifu

Mfano mzuri ni Rejimenti ya 24. Tarehe 22 Januari 1879, jeshi la Wazulu liliangamiza sehemu kubwa ya askari wake huko Isandlwana, Afrika Kusini. Tangu hapo, bunduki yenye namba 24 inatafutwa sana. Lakini mwaka wa 1881 Uingereza ilibadilisha namba za rejimenti kuwa majina, na ile ya 24 ikaitwa South Wales Borderers. Basi, kitako chenye herufi za jina hilo pamoja na mwaka wa 1879 kinajishitaki chenyewe. Tena, 24 ikiwa peke yake inaweza kuwa tu namba ya bunduki ndani ya kikosi kingine kabisa.

Kasoro nyingine zinatoka mpakani mwa Afghanistan na Pakistan, ambako mafundi wa vijijini walinakili bunduki za Waingereza kwa mikono. Kuna zenye herufi N iliyogeuzwa, na nyingine zina taji la Victoria pamoja na mwaka ambao malkia huyo alikuwa amekwisha kufa.

Alama za Keya

Historia hii inagusa pia eneo letu la Maziwa Makuu. King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka wa 1902 na ambalo Waswahili waliliita Keya, lilipigana na Wajerumani upande mmoja na Force Publique ya Kongo, iliyoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Herufi K.A.R. kwenye kitako zinaelekeza kwa askari hao Waafrika.

Hata hivyo, alama halisi ina mpaka wake: inataja kikosi, haimtaji mtu. Jina la askari liliandikwa katika daftari la kikosi, si kwenye bunduki. Bila daftari, anayedai kwamba silaha yake ilibebwa na shujaa fulani hana ushahidi.

Kwa hiyo, mwenye bunduki ya aina hiyo asisugue kitako ili king'ae. Shaba ni laini, na herufi zikifutika, hakuna fundi atakayezirudisha. Aipige picha kwanza kwenye mwanga wa pembeni, kisha alinganishe herufi, namba na tarehe. Zikipingana, ni afadhali aamini tarehe kuliko maneno ya muuzaji.